Swali la Kura Katika Ukumbi Uliojaa: Mwongozo Kamili kwa Mhadhiri wa Chuo

Wahadhiri wengi wanaojaribu kuachana na mhadhara mtupu huangukia palepale. Wanasimamisha somo katikati na kusema, "Haya, jadilini kwa vikundi, dakika kumi." Waliokaa mbele wanajadili kweli, wa katikati wanaulizana swali lilikuwa nini, wa nyuma wanachati. Dakika kumi zinakuwa ishirini. Kufika wiki ya tatu mhadhiri amerudi kwenye slaidi zake, na akiulizwa anasema mambo haya ni ya madarasa ya watu ishirini, si ya ukumbi wa watu mia tatu.

Ukubwa wa darasa si tatizo. Njia nitakayoieleza hapa ni hii: wanafunzi wanapigia kura jibu la swali wakiwa kimya, wanabishana na jirani, kisha wanapiga kura tena. Ilianza mwaka 1991 katika ukumbi mkubwa wa fizikia pale Harvard, kwa mwalimu aitwaye Eric Mazur, na ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za namna hiyo. Kinachowaangusha wengi ni mambo mawili: swali walilouliza halina kitu cha kubishania, na wanafunzi wameruhusiwa kuongea kabla kila mmoja hajafikiri peke yake. Mwongozo huu unashughulikia hayo mawili zaidi ya yote. Mengine ni utaratibu tu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kadi za kura. Karatasi moja ya A4 kwa kila mwanafunzi, ikunjwe mara mbili ili ipate sehemu nne, kila sehemu iandikwe herufi moja kubwa kwa maka: A, B, C, D. Mwanafunzi anaikunja ili herufi anayoichagua tu ndiyo ionekane. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo darasa zima linapata. Hata rimu ikikosekana, vidole vinatosha: kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D, vikiwekwa kifuani.

Kura za simu zipo na zinafanya kazi vizuri pale ambapo bando na umeme si tatizo. Mimi napendelea karatasi. Karatasi haiishiwi chaji, na mwanafunzi hana sababu ya kutoa simu mfukoni.

Maswali matatu kwa kipindi cha saa mbili. Yasizidi hapo. Kwa kipindi cha saa moja, swali moja au mawili.

Kurasa chache za kusoma kabla, tano hadi nane, zipitie kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, kwenye grupu la darasa. Wasio na simu nzuri waachiwe nakala duka la fotokopi.

Saa yenye kengele, ya simu yako inatosha, na vipande vya karatasi vya kuandikia mwishoni.

Projekta si lazima. Swali linaweza kuandikwa ubaoni kabla wanafunzi hawajaingia.

## Hatua ya 1: Chagua mahali wanafunzi wanapoanguka

Usianze na silabasi. Anza na skripti za mtihani wa mwaka jana. Tafuta swali ambalo wengi walilikosa, na walilikosa kwa namna inayofanana. Kosa linalofanana kwa watu sitini si uvivu. Hao sitini wana wazo fulani lililokaa kichwani, na wazo hilo lina mantiki yake.

Kama kozi ni mpya na skripti huna, waulize wasaidizi wanaoendesha semina. Wao wanajua wanafunzi wanakwama wapi, mara nyingi kuliko profesa mwenye kozi.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kosa hilo kwa sentensi moja, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe: "Mkataba lazima uandikwe." "Bei ikipanda, mahitaji yanashuka, kwa hiyo mstari unahama."

## Hatua ya 2: Andika swali lenye mitego ya haki

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa na saa tatu za maandalizi, mbili zitumie hapa.

Swali zuri la kura halihitaji kikokotoo wala kumbukumbu ya tarehe. Lina jibu moja sahihi, na kila jibu lisilo sahihi limetoka kwenye fikra halisi ya mwanafunzi. Jibu la kijinga ambalo hakuna atakayelichagua linapoteza nafasi. "Yote hapo juu" nayo iondoe, kwa sababu inampa mtu pa kujificha.

Mfano wa sheria:

*Gauni limening'inizwa katika duka la Kariakoo likiwa na karatasi ya bei: shilingi 25,000. Mteja analipeleka kaunta na pesa mkononi. Muuzaji anasema karatasi ilikosewa, bei ni 40,000. Kwa kanuni za mikataba peke yake:*

*A. Mkataba ulifungwa mteja alipolitwaa gauni.*
*B. Mteja akitoa 25,000, mkataba unafungwa, muuzaji atake asitake.*
*C. Hakuna mkataba, mteja ndiye aliyetoa pendekezo, na muuzaji anaweza kulikataa.*
*D. Hakuna mkataba, kwa sababu hakuna maandishi.*

Jibu ni C. Bidhaa iliyopangwa dukani ni mwaliko wa kufanya biashara, si pendekezo la mkataba, kama mahakama ya Uingereza ilivyoamua mwaka 1953 katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots, ambayo kila mwanafunzi wa sheria huku kwetu huikariri. Lakini tazama yale mengine. Aliyechagua A anaamini karatasi ya bei ni pendekezo. Wa B anaamini pesa ndiyo inayofunga mkataba. Wa D amefikia "hakuna mkataba" kwa njia mbovu kabisa, na ndiye wa kumwangalia zaidi, kwa sababu kwenye swali la ndiyo au hapana angepata alama zote na usingemgundua.

Mfano wa uchumi: *Bei ya sukari imepanda kutoka 2,800 hadi 3,500 kwa kilo, mengine yote yakibaki vilevile. Mstari wa mahitaji ya sukari: A, umehamia kushoto, B, umehamia kulia, C, haujahama, D, umekuwa wima.* Wengi wataenda A. Jibu ni C: wanunuzi wamepanda juu ya mstari uleule, na kiasi wanachonunua kimepungua, lakini mstari wenyewe uko palepale.

Mfano wa fizikia: *Mpira umerushwa juu wima. Ukiwa kileleni kabisa, ni kani ipi inayoutenda, ukiacha ukinzani wa hewa?* Weka "hakuna kani, kwa sababu umesimama", "mvutano wa dunia tu", "mvutano pamoja na kani ya mkono, zikiwa zimelingana", na "kani ya mkono iliyobaki". Jibu ni mvutano tu. Hata mwenye daraja A la kidato cha sita anaweza kuteleza hapo, maana kanuni anaijua ila mpira ule hajawahi kuufikiria.

Onyo. Usiweke mtego wa lugha. Neno "isipokuwa" lililofichwa katikati ya sentensi ndefu linapima macho. Mwanafunzi akikosa kwa sababu hiyo, hata mjadala unakuwa wa kulalamika.

Umefanikiwa ikiwa mwenzako wa ofisi, asiye wa fani yako, anasita kabla ya kujibu na kusema, "Ngoja kwanza."

## Hatua ya 3: Gawa usomaji, kisha usiurudie

Tuma zile kurasa siku mbili tatu kabla, zikiwa na swali moja mwishoni: "Ni sehemu gani iliyokuchanganya?" Majibu yaje kwa ujumbe mfupi au kwa karatasi wanapoingia mlangoni.

Kishawishi kikubwa ni kuingia darasani na kuyafundisha yaleyale tangu mwanzo, "kwa ajili ya wale ambao hawakusoma". Ukifanya hivyo mara mbili, hata waliokuwa wanasoma wataacha. Waliosoma uwape faida ya kusoma. Wasiosoma wataumbuka kwenye kura, kimyakimya, bila wewe kumtaja mtu.

## Hatua ya 4: Waeleze siku ya kwanza

Wanafunzi wetu wametoka shule ambako mwalimu anasema na wao wanaandika. Ukija na kura bila maelezo watadhani hujajiandaa, na kwenye fomu za tathmini utaliona hilo.

Chukua dakika tano. Waambie mambo matatu: kura haina alama, kukosa kura ya kwanza ni jambo la kawaida, na njia hii itawachosha. Hilo la tatu lina ushahidi. Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara laini unaleta raha ya kuelewa hata pale ambapo hakijaeleweka kitu. Kichwa kinachouma kidogo si dalili mbaya, na afadhali walisikie hilo mapema kutoka kwako.

## Hatua ya 5: Fundisha kwa ufupi, kisha weka swali

Dakika kumi hadi kumi na tano za maelezo kuhusu wazo moja. Hakuna aliyesema mhadhara ufe. Unakatwa vipande tu, na kila kipande kina swali lake mwishoni.

Lisome swali kwa sauti mara moja, kisha nyamaza. Usilifafanue. Kila neno unaloongeza linadokeza jibu.

## Hatua ya 6: Kura ya kwanza, kimya

Toa dakika moja hadi mbili. Hakuna kuongea, hakuna kuchungulia. Ukumbi utulie kama maji mtungini. Kisha: "Moja, mbili, tatu, inueni." Kadi zote zipande kwa pamoja, zikiwa kifuani, si juu ya kichwa. Kifuani aliye nyuma hazioni.

Sababu ya ukali huu ni moja. Mtu akishaonyesha A mbele yako ameweka dau. Sasa ana jambo la kutetea. Anayeingia kwenye mjadala bila dau anakubaliana na yule mwenye sauti kubwa, na mjadala unakufa kabla haujaanza. Ukiiruka hatua hii, zilizobaki hazitakusaidia.

Onyo. Uso wako usiseme. Usitabasamu, usitikise kichwa, na usitangaze kura zimegawanyika vipi. Wakisikia "wengi wamesema B", watahamia B.

## Hatua ya 7: Soma ukumbi kwa sekunde ishirini

Huwezi kuhesabu kadi mia tatu, wala huna haja. Chagua safu tatu, ya mbele, ya katikati na ya nyuma, na kadiria humo. Kisha amua:

Chini ya theluthi moja wamepata: usiwaache wajadili, kwa maana watafundishana makosa. Rudi ueleze kwa njia nyingine, kisha upige kura upya.

Kati ya theluthi moja na asilimia 70: hapo ndipo pazuri. Wapo wanaojua, wapo wasiojua, na kila mmoja ana jirani wa kubishana naye. Nenda hatua ya 8.

Zaidi ya asilimia 70: eleza kwa dakika moja na uendelee. Maswali yako yote yakiangukia hapa, ni mepesi mno.

## Hatua ya 8: Mjadala

Agizo liwe hivi, neno kwa neno: "Tafuta jirani aliyechagua tofauti na wewe. Mshawishi. Dakika tatu." Usiseme "jadilini". Mtu akiambiwa ashawishi anajua la kufanya.

Kumbi nyingi zina mabenchi yaliyofungwa sakafuni yakitazama mbele. Amuru safu ya kwanza, ya tatu na ya tano wageuke nyuma. Wanne wanatazamana, wawili kwa wawili, bila kusogeza kiti. Kundi lisizidi wanne. Wa tano huwa msikilizaji.

Lugha. Hapa wengi wanakosea bila kujua. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Lakini mjadala uache uende kwa lugha wanayofikiria. Kwa wengi Tanzania hicho ni Kiswahili, Nairobi kitachanganyika na Sheng, na mwenzako wa Lubumbashi anayefundisha kwa Kifaransa ana hali hiyohiyo. Ukiwalazimisha wabishane kwa lugha ya mtihani, wenye Kiingereza chepesi watashinda hoja ambazo hawana, na aliyeelewa kweli atanyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Kiingereza kirudi baadaye, kwa mpango. Baada ya kura ya pili, mmoja anaeleza hoja yake kwa Kiswahili. Kisha darasa zima linatunga pamoja sentensi mbili za Kiingereza, unaziandika ubaoni, nao wanaziandika kwenye daftari. Sentensi hizo ndizo zitakazokutana na msahihishaji, na zimetungwa na watu ambao tayari wameelewa wanachosema.

Wewe ufanye nini. Tembea, panda hadi safu za nyuma, sikiliza. Ukiulizwa, "Dokta, si ni C?" jibu: "Kwa nini?" halafu ondoka. Ukitoa jibu kwa kundi moja, baada ya nusu dakika lina ukumbi mzima. Angalia pia nani haongei. Katika makundi mchanganyiko wasichana mara nyingi huachiwa kazi ya ukatibu. Agiza kwamba aliyekaa kulia kabisa ndiye anayeanza, na ubadilishe upande kila swali.

Kelele zisikutishe, ila uzitofautishe. Ukisikia "kwa sababu", "hapana, ngoja", "sasa kama ni hivyo mbona…", wako kazini. Ukisikia Simba na Yanga, muda umeisha. Kwa kawaida sauti hupanda, hufika kilele, kisha hulegea. Ikilegea tu, katisha, hata kama dakika tatu hazijatimia.

Kuna anayeuliza: kama kwenye kundi hakuna anayejua, si wanapotezana? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walilipima hilo katika darasa la jenetikia na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi kwenye swali la pili la aina ileile hata katika makundi ambayo mwanzoni yaelekea hakuna aliyekuwa na jibu. Kubishana kwenyewe kunawalazimisha kuweka hoja mezani na kuona inapovuja.

## Hatua ya 9: Kura ya pili na maelezo

Kimya tena, kadi kifuani, moja mbili tatu. Utaona herufi moja imetawala ukumbi.

Usikimbilie kusema jibu. Anza na yaliyokosewa: "Mtu mwenye akili timamu anaweza kuchagua D. Angekuwa anafikiri nini?" Ukiuliza hivyo, aliyechagua D anaweza kujieleza bila aibu, kana kwamba anamsemea mtu mwingine. Mpe nafasi aimalize hoja. Kisha onyesha ilipovunjika, halafu ndipo utaje jibu sahihi na sababu yake.

Umefanikiwa ikiwa kura ya pili imepanda waziwazi kuliko ya kwanza, na kuna angalau mwanafunzi mmoja anayekuja na kesi yake: "Je, kama muuzaji ameshatoa risiti?" Swali hilo liandike. Ni la mwaka ujao.

## Hatua ya 10: Karatasi ya mlangoni

Dakika tatu za mwisho, kila mtu aandike bila jina: jambo moja ambalo bado halijakaa sawa. Zikusanye wakitoka.

Usizisome zote mia tatu, utaichukia kazi hii kufikia Ijumaa. Chomoa ishirini bila kuchagua. Malalamiko yatajirudia. Kipindi kijacho anza na lile lililojirudia zaidi, na useme wazi kwamba limetoka kwao.

## Hatua ya 11: Mtihani ufanane na darasa

Wanafunzi wanasoma mtihani, hawasomi hotuba zetu. Ukiwa na muhula mzima wa maswali ya kufikiri, kisha ukatoa mtihani wa "taja na eleza", watajua kwamba kura zilikuwa mchezo, na wadogo zao watakuja mwakani wakijua hivyo. Weka maswali mawili ya aina hii katika kila jaribio, na nusu ya alama iwe kwa sababu ya jibu. Ile "Dokta, hii itakuja kwenye mtihani?" itapata jibu la kweli.

## Silabasi haitaisha?

Utapunguza mada. Hilo likubali mapema. Ondoa mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyasoma mwenyewe bila kupotea: orodha, istilahi, historia ya fani. Yapeleke kwenye usomaji wa hatua ya 3 na uyatahini. Muda wa ukumbini ubaki kwa yale wanayoyaelewa vibaya wakiwa peke yao. Mkuu wa idara akiuliza, mwonyeshe uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni, uliochapishwa mwaka 2014: katika mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, katika madarasa ya kushirikishwa asilimia 21.8.

Kisha mwonyeshe takwimu zako. Chukua maswali kumi ya kura ambayo hutayatumia darasani, uyatoe wiki ya kwanza bila alama, na uyatoe tena wiki ya mwisho. Toa wastani wa mwanzo kutoka wastani wa mwisho, kisha gawa kwa kile kilichokuwa kimebaki kufikia 100. Darasa lililotoka 40 hadi 70 limepata 30 kati ya 60 iliyowezekana, yaani 0.5. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia kwa kipimo hiki: mihadhara ya kawaida ilipata wastani wa 0.23, madarasa ya kushirikishwa 0.48. Muhula wa kwanza ukipata 0.3, uko kwenye njia. Rudi hatua ya 2, angalia ni swali lipi lilikuwa na jibu ambalo hakuna aliyelichagua, na ulibadilishe.